Programu ya kukraki haikutoi utumwani: wana Mbeya, Iringa na Njombe tujadili nani mwenye mashine

FundiKabwe (mwanzisha uzi)

Habarini wakuu, poleni na baridi la wiki hii.

Juzi kati niliitwa na chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa huko Mbozi. Kompyuta yao nzima, diski haina shida, lakini kila wakifungua programu ya hesabu inawaambia muda wa leseni umekwisha, lipieni. Malipo ya pili ya kahawa yako njiani na wanachama wameanza kupiga hodi ofisini kuulizia kilo zao. Nikaingia kwenye mafaili. Taarifa zimo zote, ila zimehifadhiwa kwa mtindo ambao programu ile peke yake ndiyo inausoma. Aliyewauzia akapigiwa simu, akataja bei iliyozidi hata ile waliyonunulia. Katibu, mama mtu mzima, akaniuliza: "Fundi, kwani hizi kilo ni za wakulima au ni za huyu bwana?"

Swali lake nimelileta hapa kwa sababu sisi mafundi wa Kabwe na Mwanjelwa tuna jibu moja tu kwa kila kitu: tafuta kraki, yaani kijiprogramu cha kuvunja loki ya leseni. Na kweli kraki ikipatikana mlango unafunguka. Ila toleo likibadilika mama yule anarudi palepale, safari hii na virusi juu.

Kuna watu walishalitafakari hili kabla wengi wetu hatujazaliwa. Richard Stallman alikuwa anaandika programu kwenye maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani. Pale maabara walikuwa na mashine ya kuchapa ambayo ikikwama karatasi iliwajulisha watu kwenye kompyuta zao, kwa sababu yeye mwenyewe aliiongezea kazi hiyo kwenye programu yake. Ikaletwa mashine mpya kutoka Xerox, ya kisasa zaidi, ila haikuja na msimbo wa programu, yaani yale maandishi ambayo fundi anayasoma na kuyabadili. Inakwama, watu wanakaa wanasubiri karatasi ambazo hazitoki. Akaenda chuo kingine kwa mtu aliyekuwa na msimbo ule. Yule mtu akakataa, amesaini ahadi ya kutompa yeyote. Stallman alilichukulia kama usaliti kati ya watu wa kazi moja, na mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU: kuandika mfumo mzima wa kompyuta ambao hakuna atakayeahidi kumnyima mwenzake. Mwaka 1985 akaanzisha Free Software Foundation.

Kipimo chao cha programu huru kina haki nne, na wanaanza kuhesabu sifuri kama waandishi wa programu walivyo. Uitumie kwa kazi yoyote. Uisome ilivyoundwa na kuibadili ikufae. Uwagawie wengine nakala. Ugawe na toleo ulilolibadili wewe. Hakuna haki hata moja hapo inayosema lazima iwe ya bure. Stallman mwenyewe miaka ya 80 alikuwa anauza programu yake ya Emacs kwenye mkanda kwa dola 150. Mimi nikikuwekea Linux, mfumo huru wa kuendesha kompyuta, nakutoza, na niko sawa kabisa.

Sasa pima chama cha Mbozi kwa kipimo hicho. Wangekuwa na programu huru, ningemtafuta kijana yeyote wa MUST, chuo kikuu chetu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, anayejua kuandika programu, akasoma msimbo, akatoa kilo za watu siku hiyohiyo, na wa kumwita mwizi hayupo. Walichonacho ni ruhusa ya kukaa mbele ya kitu cha mtu mwingine.

Ndipo linapokuja suala zima la miliki bunifu. Tumefundishwa kwamba wazo, wimbo, programu, dawa na mbegu ni mali kama mali nyingine, na anayenakili ameiba. Mimi hapo nagoma. Ukichukua jembe langu, kesho mimi silimi. Ukinakili programu yangu, yangu ninayo na wewe unayo. Na aliyeniuzia jembe pale Mwanjelwa hanifuati shambani kuniambia tuta hili lima, lile acha.

Nauweka msimamo wazi ili mnishambulie vizuri: mtunzi alipwe, sina ugomvi na hilo. Ninachokikataa ni mtunzi, au aliyenunua haki za mtunzi, kubaki na amri juu ya kitu kikiwa mkononi mwangu. Na kraki haiondoi amri hiyo hata kidogo.

Karibuni.

Mgalagala

Nimeweka kambi hapa, baridi au la.

DogoSIDO

Fundi, na wewe kwa ngonjera. Windows ya kukraki ninayo tangu chuo, inafungua Excel, inafungua Photoshop, mteja anapata kadi yake ya harusi, mimi napata hela ya kodi ya fremu. Huo utumwa unaosema uko wapi? Hao Wamarekani wana hela za kutosha. Tukiwaibia kidogo ndiyo fidia ya ukoloni.

FundiKabwe

@DogoSIDO mdogo wangu, kama kweli unawakomoa, ungetegemea wakasirike. Bill Gates wa Microsoft, wenye hiyo Windows, mwaka 1976 alikuwa anakasirika kweli, aliwaandikia barua ya wazi watu wa kompyuta kuwalaumu kwa kunakili programu yake ya BASIC bila kulipa. Lakini mwaka 1998, akiongea na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, hasira ilikuwa imekwisha, hesabu imeingia. Aliwaambia kwamba Wachina hawalipii programu, ila ipo siku watalipa, na maadamu wataiba, afadhali waibe za Microsoft. Wakishazoea, kampuni itajua namna ya kukusanya hela zake muongo unaofuata.

Nenda ofisi yoyote hapa mjini uone muongo umefika. Kila karani amejifunzia kwenye nakala ya kukraki, hajui kitu kingine, kwa hiyo ofisi ikitaka kuwa halali inalipa leseni za watu wote kila mwaka. Wewe na mimi ndio tuliowafundisha, bila mshahara. Hapo nani kamkomoa nani?

DogoSIDO

Dah. Hiyo ya Gates sikuijua. Lakini Photoshop bado naitaka.

ProdyuzaKihesa

Kamwene wote.

Naona mnapiga makofi sana, naomba niwapozeshe kidogo. Mimi nina studio Iringa mjini. Dogo anakuja ana sauti, hana hela, namrekodia kwa makubaliano kwamba wimbo ukiuza tugawane. Wimbo ukitoka, haijafika jioni uko kwenye kila kibanda cha kuingizia nyimbo kuanzia Ipogolo mpaka Makambako. Mwenye kibanda anatoza mtu hela ya kujaza flash. Anauza jasho langu na mimi sipati hata vocha.

Huyo mzee wenu wa MIT alikuwa na mshahara, wanaoandika Linux wengi wameajiriwa na makampuni. Wakigawa msimbo hawalali njaa. Mimi nikigawa wimbo nimegawa nini kingine nilichonacho? Hilo jembe la FundiKabwe ni tamu kulisikiliza, ila kodi ya studio hailipwi kwa mfano mzuri.

FundiKabwe

@ProdyuzaKihesa kamwene kaka. Umenishika pabaya na sitajifanya sijashikwa.

Ila usinichanganye na mtu anayesema kila kitu ni kimoja. Stallman mwenyewe anatenga. Kitu cha kufanyia kazi, kama programu, mapishi au kitabu cha kiada, hicho anataka kiwe huru kabisa. Maandishi ya maoni ya mtu, huna haja ya kuyabadili, maana utamlisha maneno. Sanaa ameiweka kundi lake, na amependekeza hakimiliki ya miaka 10, watu waruhusiwe kugawiana bila biashara, na wasanii walipwe kwa njia nyingine, mathalani kodi maalumu inayogawanywa kwa kufuata umaarufu wa kazi. Sasa yule wa kibanda anatoza hela, hayumo kwenye "bila biashara". Yule hata kwa falsafa hii anakudhulumu.

Nikuulize na mimi: sheria ya kumkamata ipo tangu 1999. Imewahi kukulipia kodi ya studio?

ProdyuzaKihesa

Haijawahi. Lakini sheria isiyotekelezwa si ushahidi kwamba sheria ni mbaya. Na hiyo kodi maalumu itakusanywa na nani, igawanywe na nani? Tukifika hapo msanii wa Iringa ataambiwa umaarufu wake haukuonekana kwenye mfumo. Nabaki na wasiwasi wangu.

WakiliGangilonga

Naomba niingize sheria kidogo, maana mmeanza kuchanganya.

Kwanza, acheni kuzungumza kana kwamba miliki bunifu ni sheria moja. Hakimiliki inalinda namna kitu kilivyoandikwa au kutungwa, na programu za kompyuta zimo humo, zinalindwa kama maandishi. Hataza inalinda uvumbuzi, kwa kawaida miaka 20. Alama za biashara ziko ili mnunuzi asidanganywe. Mbegu zina sheria yao. Mtu anaweza kupinga moja na kuunga mkono nyingine, na wala asiwe kigeugeu.

Pili, hizi haki hazikutoka mbinguni. Sheria ya kwanza ya hakimiliki ya Uingereza, ya mwaka 1710, ilimpa mtunzi miaka 14, akiwa hai ikiisha anaongezewa 14 mingine, basi. Hoja yake ilikuwa kuhimiza elimu, na muda mfupi ndio uliokuwa bei ambayo jamii ilikubali kulipa. Leo sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inatoa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo. Marekani na Ulaya ni 70. Dada wa miaka 30 akiandika programu leo na akajaliwa kufika 75, hakimiliki yake itakwisha miaka 95 kutoka sasa. Programu ya miaka 95! Hakuna mashine itakayoweza kuiwasha. Hapo ninakubaliana na fundi kwamba bei imezidi bidhaa.

Tatu, na hili fundi hakulitaja. Leseni ya GPL ya Stallman, toleo la kwanza 1989, inasimama juu ya hakimiliki hiyohiyo mnayoilaani. Inasema: nakili, badili, gawa, ila ukigawa lazima na wewe uwape wapokeaji wako msimbo na ruhusa zilezile. Ukikiuka, ruhusa inafutika na unabaki mvunja hakimiliki wa kawaida. Mwaka 2004 mahakama ya Munich, Ujerumani, iliizuia kampuni moja kusambaza vifaa vya mtandao vyenye programu ya GPL bila kufuata masharti yake. Sasa niambieni: tukifuta hakimiliki leo, GPL itashika wapi?

Na wewe @DogoSIDO, kukraki ni kosa. Nimekwambia bure, siku nyingine ni ada.

FundiKabwe

Wakili msomi, umenifunga goli safi. GPL ni kweli imechukua silaha ya mwenye mali ikaigeuza mdomo. Na hilo ndilo linaloniridhisha, maana matunda yake nayagusa kila siku. Mwaka 2003 watu waligundua kwamba ruta moja ya Linksys, WRT54G, ndani yake ina Linux. GPL ikawabana watengenezaji waitoe misimbo. Humo ndimo ilimozaliwa OpenWrt, programu huru ya kuendesha ruta, ambayo mimi naipachika kwenye ruta kuukuu za shule na zinaishi miaka mingine. Bila hakimiliki wangeweza kukaa kimya na msimbo wao.

Kwa hiyo hakimiliki ikifutwa, ningedai na sheria ya kulazimisha msimbo utolewe. Zikifutwa nusunusu, wenye nguvu ndio watakaofaidi.

KijanaTunduma

Huyo Stallman mnayemsifia si ndiye alijiuzulu 2019 kwa maneno yake ya hovyo?

FundiKabwe

Ndiye. Alijiuzulu MIT na uongozi wa taasisi yake Septemba 2019, akarudi kwenye bodi 2021, na wengi ndani ya harakati hiyohiyo walipinga kurudi kwake. Simtetei. Nilichokileta ni hoja, iko wazi, ichaneni hiyo.

BwanaShambaMstaafu

Salaam wanangu. Nimekuwa nikisoma kimya, lakini mmeigusa mbegu na mimi siwezi kulala.

Nimefanya kazi ya ugani nyanda hizi nikiwa kijana mpaka nywele zimeondoka. Mnajua kwa nini kampuni za mahindi hazina presha na ninyi? Hazihitaji polisi. Mahindi chotara ukivuna ukapanda tena, kizazi cha pili kinasambaratika: huyu mrefu, huyu mfupi, huyu hana gunzi la maana. Mkulima anarudi dukani mwenyewe. Hiyo ndiyo loki yenu ya kompyuta, ila imewekwa kwenye mmea, na kusema haki haikuwekwa kwa hila. Chotara inazaa kweli, na UH6303 ya kituo cha utafiti hapa Uyole imejaza maghala ya watu.

Maharage ni habari nyingine. Maharage yanajichavusha yenyewe. Uyole 94 au Njano Uyole ukiipanda leo, ukachagua punje safi, mwakani ni ileile. Bibi anampa mkwe, mkwe anapeleka Rungwe, mwaka wa tatu iko Chunya. Hapo ndipo sheria inapohitajika, kwa sababu mmea wenyewe haukatai kunakiliwa.

Tulipata Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Mbegu mwaka 2012, na 2015 Tanzania ikajiunga na UPOV, ule umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea. Mbegu mpya iliyosajiliwa, mgunduzi ana haki ya kuamua nani aizalishe na kuiuza. Haihusu mbegu zenu za asili, msiogopeshane. Kuziuza mbegu zisizothibitishwa kunabanwa na sheria nyingine, ya 2003, ndiyo maana kukawekwa zile mbegu za daraja la kuazimiwa, mkulima azalishe na kuwauzia majirani zake chini ya usimamizi.

Sasa mimi naumwa pande zote mbili. Aina mpya ya maharage inachukua kama miaka minane mpaka kumi hadi imfikie mkulima, na nimeshuhudia watafiti wakifanya kazi ile kwa buti zilizotoboka. Lazima mtu alipe. Lakini mbegu mama zilitoka wapi? Kwenye vihenge vya bibi zenu, waliozichagua bila kusajili. Na utafiti wa Uyole uligharimiwa na umma. Kitu kilichotoka kwa wakulima, kikaboreshwa kwa kodi ya wakulima, kurudi kwao na masharti ya kutogawa, hilo koo langu halilipitishi.

Huko Wisconsin, Marekani, mwaka 2014 kikundi cha wagunduzi wa mbegu waliigiza hiyo GPL yenu. Pakiti inakuja na ahadi: panda, chavusha, uza, ila usimzuie mwingine kufanya hivyohivyo na mbegu hii wala watoto wake. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu.

WakiliGangilonga

Shikamoo mzee. Niongeze moja tu. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu miliki bunifu unataka nchi zilinde aina za mimea kwa hataza au kwa mfumo wao wenyewe unaofaa. Hausemi UPOV popote. Zaidi ya hapo, nchi zenye maendeleo duni, nasi tumo, zilipewa muda wa kusubiri, na mwaka tuliojiunga muda huo ulikuwa haujaisha. Sasa umesogezwa mpaka 2034. Kwa hiyo 2015 hatukuwa tumelazimishwa na mkataba ule. Tuliamua.

BwanaShambaMstaafu

Marahaba mwanangu. Nani aliamua ndilo swali.

MamaViazi

Sisi huku Uporoto mbegu ya viazi tunapeana debe kwa debe tangu enzi. Tukianza kuulizana ruhusa msimu utapita.

NesiMufindi

Mimi si mtu wa kompyuta, nisamehewe.

Takwimu za utafiti wa kitaifa wa 2016-17 zilionyesha Njombe maambukizi ya VVU ni 11.4%, Iringa 11.3, Mbeya 9.3. Mikoa mitatu ya juu nchini, yote ni yetu. Nimeanza kazi kabla ya dawa kufika. Serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza 2004. Kabla ya hapo kazi yetu wodini ilikuwa kuwageuza wagonjwa wasipate vidonda, na familia zilikuwa zinauza shamba la miti ikiwa bado michanga ili tu kununua dawa za fangasi.

Dawa zilikuwepo duniani wakati huo wote. Bei yake ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikasema inaweza kutoa mchanganyiko uleule kwa dola 350. Waliweza kwa sababu sheria ya India ya 1970 haikuruhusu hataza juu ya dawa yenyewe, ila juu ya njia ya kuitengeneza. Na kipindi hichohicho kampuni 39 za dawa zilikuwa mahakamani Pretoria kuishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa sheria yake ya 1997 iliyofungua njia ya dawa za bei nafuu. Waliiondoa kesi Aprili 2001 baada ya dunia nzima kuwapigia kelele.

Mkiniambia habari ya mali na mwizi, mimi nakumbuka wodi namba fulani na nanyamaza. Kutoka 10,000 mpaka 350. Hiyo tofauti haikuwa gharama ya kidonge.

KijanaTunduma

Pole sana dada. Lakini bila hataza nani angegharimia utafiti wa dawa hizo? Tuwe wakweli.

NesiMufindi

AZT, dawa ya VVU ya kwanza kabisa, ilitengenezwa 1964 na Jerome Horwitz, Marekani, akitafuta dawa ya kansa, kwa fedha za umma. Haikufaa kansa, ikawekwa kando. Kampuni ikaja kuipatia kibali kwa VVU mwaka 1987 na hataza ikawa ya kampuni. Majaribio waligharimia, sikatai, na zipo dawa ambazo kampuni imegharimia kila kitu. Ila msiniambie hela ilitoka mfuko mmoja.

FundiKabwe

Dada nesi, asante. Na kwa taarifa yako wewe ni mtu wa kompyuta. Zile ripoti za MTUHA mnazojaza kwenye vitabu kila mwezi, wilayani zinaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Ile ni programu huru, ilianzia Afrika Kusini miaka ya 90 na sasa inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameifanyia kazi wenyewe ili ifuate mahitaji ya wizara. Hakuna siku wilaya itaambiwa takwimu za wajawazito zimefungwa mpaka leseni ilipwe.

NesiMufindi

Kwani DHIS2 ndiyo hiyo? Sisi tunailaumu tu kwamba mtandao uko chini.

BodaMafinga

Wakuu, nina simu ya mkopo, nimechelewesha rejesho siku mbili imejifunga, hata kupigia mteja siwezi. Hii nayo imo kwenye uzi huu?

FundiKabwe

Imo katikati kabisa. Chini ya simu hiyo kuna Linux, programu huru iliyoandikwa na maelfu ya watu kuanzia Linus Torvalds 1991. Juu yake wamepachika kitu kinachomtii mkopeshaji na si wewe. Umetembea na simu mfukoni ila bosi wake yuko Dar.

DogoSIDO

Fundi, hapo umezidisha. Bila hiyo loki nani angemkopesha bodaboda asiye na dhamana? Loki ndiyo dhamana yake.

FundiKabwe

Deni alipe, na mkopeshaji awe na namna ya kudai. Lakini dhamana ya kawaida inachukuliwa ukishindwa, na kuna utaratibu na mahali pa kulalamika. Hii inahukumu yenyewe usiku wa manane, inamkata mtu kazi anayohitaji ili alipe hilohilo deni. Na akimaliza kulipa, nani anamhakikishia kwamba kile kitu kimeondoka kweli? Msimbo hauoni. Anaambiwa tu amini.

BodaMafinga

Nimekopa elfu ishirini kwa shemeji nikalipa, imefunguka. Tuendelee.

MwlMakete

Habari za humu. Nafundisha sekondari huku Makete. Chumba cha kompyuta tunacho, mashine tulizopewa msaada, zote Windows 10, na mkaguzi mmoja ametuambia tuzitupe kwa kuwa haiungwi mkono tena. Intaneti ni ya kubahatisha. Vitabu vya somo vina picha za Word ukurasa hadi ukurasa. Fundi, falsafa nimeielewa, sasa nifanyeje?

FundiKabwe

Mwalimu, msitupe kitu. Ni kweli Microsoft walikata huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine za umri huo nyingi hazikubali 11 kwa sababu inataka TPM 2.0, chipu ya usalama. Mashine haijafa.

Zenye RAM GB 4 na zaidi weka Linux Mint yenye Xfce, ule muonekano mwepesi. Zenye GB 2 weka Lubuntu, Linux nyepesi zaidi, na usifungue vitu vingi kwa pamoja. Kuandika na majedwali ni LibreOffice. Vitufe havikai palepale kama vya Word na wanafunzi wa kwanza watalalamika, wewe fundisha kazi yenyewe, yaani aya, jedwali, fomula, watahama bila taabu. Kwa intaneti ya kubahatisha weka Kiwix, unapakia Wikipedia ya Kiswahili mara moja kwenye flash, inasomeka bila mtandao. Jiografia na fizikia, Stellarium ya nyota. Zote hizo unanakili mashine hadi mashine na unawapa wanafunzi waende nazo nyumbani, mkaguzi hana la kusema.

Kuna jambo moja la kukupa moyo: mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hawakumsubiri mwenye kampuni aone kama Waswahili ni soko. Kwa hiyo ukiona menyu haijakaa vizuri, ruksa kuitafsiri na darasa lako.

Ila kama ofisi ya mhasibu ina programu ya risiti inayokubali Windows tu, hiyo iache Windows, na mwambie mkuu wa shule ailipie. Sitaki kesi na wakili.

WakiliGangilonga

Umeokoka.

MwlMakete

Nashukuru sana. Nyingi ni GB 2, zipo chache za GB 4. Mbili haziwaki kabisa. Jumamosi nashuka Mbeya na gari la shule, nilete zote?

FundiKabwe

Leta mbili za GB 2 nikufundishe kupiga mwenyewe, nyingine utapiga huko. Zisizowaka fungua uje na RAM zake tu, kasha liache Makete.